MAISHA YA DAKTARI PANUM, ALIYEHESABU SIKU ZA SURUA

Kila mtoto wa shule wa Kigoma aweza kusimulia habari za Daktari Livingstone, jinsi alivyokutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Walakini palikuwa na daktari mwingine wa zamani zile zile, ambaye mguu wake haukukanyaga pwani ya Ziwa Tanganyika, naye amewafaa watoto wa ziwa hili kuliko wasafiri wengi waliopita hapa wakiandika vitabu. Jina lake ni Peter Ludvig Panum. Waganga wa dunia yote wanalijua jina hilo tangu siku za masomo yao. Watu wa vijijini hawalijui, wala si ajabu, maana mtu huyu hakuwa mfalme wala jemadari. Kazi yake kubwa aliifanya akiwa kijana wa miaka 25, katika visiwa vidogo vya baridi penye kondoo wengi kuliko watu, na kazi yenyewe ilikuwa kuuliza maswali na kuhesabu siku.

Panum alizaliwa tarehe 19 Desemba, mwaka 1820, katika mji wa Rønne, kisiwani Bornholm, nchi ya Denmaki. Baba yake alikuwa mganga wa askari. Kijana akasoma uganga kwanza Kiel, kisha Copenhagen, akamaliza mtihani wake mwaka 1845. Mwaka uliofuata Serikali ya Denmaki ikapata habari mbaya kutoka Visiwa vya Faroe, ya kwamba surua imeingia huko na watu wamelala wagonjwa kijiji kwa kijiji. Ndipo ikamtuma Panum, pamoja na kijana mwenzake, Daktari August Manicus, waende wakawatazame wagonjwa na kuleta taarifa.

Ili msomaji ayafahamu mambo yaliyotokea, yafaa kwanza aione nchi ile kwa macho ya moyo. Visiwa vya Faroe ni 18, navyo vimo katika bahari kuu, kati ya Uskoti, Norwe na Iceland. Miti ni haba mno; kuna majani, majabali, ukungu na upepo. Watu wote pamoja walikuwa hawafiki elfu nane, wakikaa katika vijiji vidogo vidogo kando ya maji, na milima nyuma yao ilikuwa mikali hata ikawa rahisi mara nyingi kwenda kwa jirani kwa mashua kuliko kwa miguu. Mtu wa Kigoma hana shida kuelewa jambo hili. Nani asiyejua ya kuwa kwenda Kagunga upande wa kaskazini, au kwenda Buhingu na Kalya upande wa kusini, mashua imekuwa njia ya watu tangu zamani, kwa sababu milima imeshuka mpaka majini? Kijiji cha namna hiyo hupata chumvi kwa mashua, hupata barua kwa mashua, hupata bibi arusi kwa mashua, na ugonjwa nao huja kwa mashua.

Surua, ambayo watu wengine wa pwani ya bahari huiita ukambi, ilikuwa imefika Faroe mwaka 1781. Ikapita, ikaisha, wala haikuonekana tena muda wa miaka 65. Katika miaka hiyo wengi wa wale walioipata walikufa kwa uzee, wakazaliwa wengine ambao hawakuijua hata kwa jina. Kisha, tarehe 20 Machi 1846, seremala mmoja akaondoka Copenhagen katika merikebu, akafika Tórshavn, mji mkuu wa visiwa, tarehe 28. Njiani alikuwa mzima kabisa. Lakini kabla ya kusafiri alikuwa amewatembelea watu wenye surua, na mwanzo wa mwezi wa Aprili akaugua. Waliougua baada yake walikuwa rafiki zake wawili waliokuwa karibu naye kuliko wengine. Basi, huo ndio mlango ambao ugonjwa uliingilia. Katika muda wa nusu mwaka hivi zaidi ya watu 6,000 wakashikwa.

Sisi tumezoea kuiita surua ugonjwa wa watoto, na kwa neno hilo wazazi wengi hujifariji, wakidhani ni jambo ambalo kila mtoto sharti alipite, kama kuota meno. Faroe ilionyesha kwamba sivyo. Huko waliougua walikuwa watoto, vijana, baba na mama zao, hata wakongwe, wote kwa wakati mmoja. Katika nyumba nyingi hapakuwa na mtu wa kuteka maji wala wa kukama ng'ombe, wala mashua hazikwenda kuvua, maana wavuvi walikuwa vitandani. Surua haichagui umri. Humchagua yule ambaye mwili wake haujakutana nayo. Ikiwa kwetu inawashika watoto, ni kwa sababu watu wazima wengi walikwisha kuipata au kuchanjwa, na mtoto mchanga ndiye mgeni katika dunia.

Panum na Manicus walipofika, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Dawa ya kuiua surua hawakuwa nayo. Hata leo dawa ya kuwaua virusi vyake haipo, bali mgonjwa hutunzwa na madhara yanayofuata hutibiwa. Basi wakawauguza watu kama walivyoweza, na huku Panum akazunguka kisiwa kwa kisiwa, kwa mashua na kwa miguu juu ya milima, daftari yake mkononi.

Yapasa kukumbuka ya kuwa siku zile waganga walikuwa wakishindana juu ya asili ya maradhi. Wengine walisema maradhi mengi hutoka katika hewa mbaya, uvundo wa nchi au mabadiliko ya majira. Wengine walisema hutoka kwa mtu na kumwingia mtu. Virusi hakuna aliyevijua. Vilikuja kujulikana baada ya nusu karne na zaidi. Mjini Copenhagen au London mambo haya yalikuwa magumu kuyaamua, kwa kuwa katika mji mkubwa mtu hukutana na mamia ya watu kwa siku moja, naye akiugua nani awezaye kusema ameupata wapi? Lakini katika kijiji cha Faroe wageni walikuwa wachache, na mashua iliyofika ilikumbukwa. Ukimwuliza mwanamke ni siku gani mwanawe alitokewa na upele, alikujibu. Ukimwuliza ni nani aliyeingia nyumbani mwake wiki mbili kabla ya hapo, alikujibu pia. Panum akaona ya kuwa upweke wa visiwa umempa kitu ambacho maprofesa wa miji mikubwa hawakuwa nacho.

Katika mifano yake mmoja ni mashuhuri kupita yote. Watu wa Faroe wana desturi ya kuwinda nyangumi wadogo weusi waendao kwa makundi. Kundi likionekana, habari hupelekwa upesi, mashua hutoka kila upande, nao huwaswaga nyangumi kama ng'ombe mpaka ndani ya ghuba, huwaua pale kwenye maji machache, kisha nyama hugawanywa. Tarehe 4 Juni 1846 uwindaji wa namna hiyo ulifanyika Vestmanna. Mashua moja ilitoka kijiji cha Tjørnuvík, kilichoko mwisho wa kaskazini wa kisiwa kile kile, na ndani yake wanaume kumi. Wakafanya kazi pamoja na watu wa Vestmanna, wakarudi kwao. Siku zikapita, nao wazima. Tarehe 18 Juni upele wa surua ukawatokea wote kumi.

Panum hakuwapo siku ya uwindaji. Habari hii aliipata baadaye kwa kuuliza. Lakini alipoisikia alijua ameshika ufunguo. Wanaume kumi walikutana na ugonjwa siku moja tu, na upele ukawatoka siku moja, siku ya kumi na nne. Tena, watu wa nyumbani mwao hawakuugua siku ile, wao walingoja. Zikapita kama siku kumi na nne nyingine, ndipo upele ukawatokea jamaa zao waliokaa nao. Hewa mbaya haina kalenda ya namna hii. Kama ugonjwa ungalitoka katika ukungu wa Tjørnuvík, kwa nini uwachague wavuvi kumi wa mashua moja, kisha ukae kimya wiki mbili, kisha uwashike wake na watoto wao?

Wala hakuridhika na kijiji kimoja. Alitafuta habari za namna hiyo katika vijiji vingi, akapata hesabu ile ile: tangu kukutana na mgonjwa mpaka kutokewa na upele ni siku 13 au 14. Akaona pia ya kuwa mgonjwa huambukiza wenzake hasa wakati upele unapotoka, wala si wakati ngozi inapobabuka, kama wengine walivyofundisha. Waganga wa leo wameongeza neno moja kubwa juu ya hilo: mgonjwa huanza kuambukiza kama siku nne kabla ya upele, na huendelea kama siku nne baada yake. Katika siku zile za kwanza mtoto ana homa, mafua, kikohozi na macho mekundu, na mama hudhani ni mafua ya kawaida, akambeba mgongoni sokoni, au katika mashua ya abiria, au kanisani. Pumzi ya mgonjwa yaweza kubaki hewani ndani ya chumba hata saa mbili baada ya yeye mwenyewe kutoka. Mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga huweza kuwaambukiza watu 12 mpaka 18. Katika maradhi yajulikanayo ni machache mno yanayoweza kushindana na surua kwa mbio.

Sasa msomaji wa pwani ya ziwa na afikiri mwenyewe. Wavuvi wa dagaa hukusanyika ufukoni kutoka vijiji mbalimbali, hukaa kambini, hulala katika vibanda vilivyobanana, hata mwezi ukiwa mkubwa na samaki hawafuati taa, hutawanyika kurudi makwao. Nchi nne zinagawana ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na mashua hazina desturi ya kuuliza mpaka uko wapi. Tofauti kati ya Vestmanna na mwalo wa dagaa ni baridi tu.

Baada ya kuhesabu siku, Panum akawageukia wazee. Neno hili kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote aliyoyafanya, maana waganga wenye haraka huwapita wazee wasioumwa. Aliuliza kila mahali wako wapi watu waliougua surua mwaka 1781, walipokuwa watoto. Akawapata 98. Wakati vijana wenye nguvu walikuwa wamelala chini, wazee hawa, ambao mdogo wao alikuwa amepita miaka 65, walitembea nyumba kwa nyumba, na katika wote 98 hata mmoja hakushikwa mara ya pili. Lakini wazee wengine, rika lile lile, ambao utotoni surua ilikuwa imewapita, waliugua kama vijana. Kwa hiyo uzee haukuwa kinga, wala damu ya ukoo, wala chakula. Kinga ilitokana na ugonjwa wa miaka 65 iliyopita, nayo ilikuwa haijachakaa. Tena katika miaka yote hiyo surua haikuonekana visiwani hata mara moja, hivi kwamba mwili ulikuwa umeshika kumbukumbu yake peke yake, bila kukumbushwa.

Waliokufa walipita mia. Panum aliwahesabu kwa umri wao, akaona ya kuwa hatari ilikuwa kubwa mno kwa watoto wachanga wasiotimiza mwaka, ikapungua sana kwa watoto wakubwa na vijana, kisha ikapanda tena kwa watu wa makamo na wazee. Yeye hakuweza kueleza sababu ya vifo vya wachanga kwa ukamilifu. Sisi leo twaweza. Mama aliyewahi kuugua surua, au aliyechanjwa, humpa mtoto wake sehemu ya kinga yake kabla hajazaliwa, kupitia damu ya kondo, na kinga hiyo ya kuazima humlinda kwa miezi ya kwanza. Mama wa Faroe wa mwaka 1846 hawakuwa na cha kuazimisha, kwa kuwa hakuna aliyeiona surua katika maisha yake. Watoto wao walizaliwa bila ngao.

Kinga ya kuazima huisha kidogo kidogo. Mtoto akifika miezi sita mpaka tisa, kwa kawaida imebaki kidogo sana, au haimo tena. Hapa ndipo penye ugumu ambao mama wengi huuliza habari zake kliniki: kwa nini mtoto asichanjwe surua siku ile anayozaliwa, kama anavyochanjwa chanjo ya kifua kikuu? Jibu ni kwamba chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Kinga ya mama ikiwa bado ina nguvu katika damu ya mtoto, huvishambulia virusi vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu, na chanjo huwa kama haikutolewa. Kwa hiyo hungojwa mpaka ngao ya mama inapoanguka, lakini si zaidi ya hapo. Kati ya kuanguka kwa ngao ya mama na kupata yake mwenyewe, mtoto yu wazi. Katika wiki hizo kinachomlinda ni watu wanaomzunguka tu: kaka na dada zake waliochanjwa, watoto wa jirani waliochanjwa, kijiji ambacho surua haipati mahali pa kukanyaga. Waganga husema kwamba ili surua ikose njia, watu wapata 95 katika kila 100 lazima wawe na kinga. Mama anayekataa kumchanja mwanawe wa miaka miwili anakataa pia kwa niaba ya mtoto wa miezi saba wa nyumba ya pili, ambaye hakuulizwa.

Panum aliona pia ya kuwa si kila mtu wa Faroe aliugua. Viko vijiji na nyumba ambazo zilijifunga mapema, zikakataa wageni, watu wake wakajizuia kwenda kwenye mikutano, na surua ikapita kando yao. Akashauri kwamba kuwatenga wagonjwa na kuwazuia wasafiri ndiyo njia ya hakika kuliko zote. Siku zile njia nyingine haikuwapo. Lakini hesabu yake mwenyewe yaonyesha jinsi njia hii ilivyo ngumu: unapouona upele wa mgonjwa wa kwanza, tayari amekwisha kuwaambukiza wenzake, na hao wanatembea wazima, watafunuliwa baada ya wiki mbili. Anayefunga mlango leo huwa amemfungia adui ndani. Kutenga kunasaidia, na mtoto mwenye upele asipelekwe kwenye mkusanyiko wo wote, hata kama ni siku ya ubatizo wake. Walakini kutenga peke yake hakutoshi.

Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1847, kwa Kidenmaki na kwa Kijerumani. Haikuwa habari ya surua tu. Alieleza pia nyumba za watu wa Faroe zilizojaa moshi, nguo zao za sufi, nyama yao iliyokaushwa kwa upepo mpaka ikawa na uvundo, na maradhi mengine yaliyokuwa kawaida yao. Katika mambo haya mengine kijana alisema kwa ukali kidogo, kama wageni walivyo. Lakini sura za surua zimesomwa mpaka leo, kwa kuwa ndani yake mna majina ya vijiji na tarehe, wala hakudai zaidi ya alivyoweza kuonyesha.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya profesa. Mwaka 1850 alichunguza kipindupindu kilichotokea Bandholm, nchini mwake. Akaenda kujifunza zaidi Ujerumani, na Ufaransa kwa Claude Bernard, bingwa wa siku zile katika elimu ya kazi za mwili. Mwaka 1853 akawa profesa mjini Kiel. Huko alichunguza sumu iliyomo katika vitu vilivyooza, akagundua kwamba hata baada ya kuchemshwa saa nyingi bado iliwadhuru wanyama, jambo lililowasaidia baadaye waliochunguza sumu za bakteria. Tena alitafuta njia njema ya kumpa mgonjwa damu ya mtu mwingine, akaonyesha ya kuwa damu ya mnyama haifai kwa mwanadamu. Mwaka 1864 Denmaki ilipopigwa vitani na kupoteza nchi ya Kiel, Panum akarudi Copenhagen, akafundisha chuoni hapo. Mwaka 1884 waganga wa mataifa mengi walikutana Copenhagen, naye akawa mwenyekiti wa mkutano wao. Miezi michache baadaye, tarehe 2 Mei 1885, akafa ghafula kwa ugonjwa wa moyo. Jengo kubwa la masomo ya uganga la Chuo Kikuu cha Copenhagen linaitwa kwa jina lake.

Wale wazee 98 walikuwa wameonyesha ya kwamba mwili ukijifunza surua mara moja haisahau. Lililobaki lilikuwa kuufundisha mwili bila kuuugua. Hilo lilichukua zaidi ya miaka mia. Mwaka 1954, huko Boston, Marekani, John Enders na Thomas Peebles walivipata virusi vya surua kutoka damu ya mtoto wa shule aliyekuwa mgonjwa, wakavikuza katika chupa. Virusi hivyo vikapitishwa katika chembe za mwili mara nyingi mpaka vikadhoofika, na mwaka 1963 chanjo ya kwanza ikaruhusiwa. Tanzania ilianza mpango wake wa chanjo za watoto mwaka 1975. Tangu mwaka 2014 chanjo ya surua imeunganishwa na ya rubela, nayo hutolewa mara mbili, mtoto akitimiza miezi 9, na tena akitimiza miezi 18. Mara ya pili si anasa: wako watoto ambao miili yao haikushika somo la kwanza, nao hawajulikani kwa kuwatazama. Hapo ndipo watoto wengi hupotea, maana baada ya miezi tisa mama haoni tena sababu ya kurudi kliniki, mtoto anatembea, anakula, na safari ya mashua ina gharama yake. Mwinjilisti anayezitembelea nyumba akiiomba kadi ya mtoto na kutazama mstari wa miezi 18, amefanya kazi ambayo mganga wa zahanati hawezi kuifanya akiwa amekaa mezani pake.

Mtoto akiisha kuugua, liko jambo moja ambalo lilithibitishwa katika nchi yetu wenyewe. Katika hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma, waganga waliwachunguza watoto 180 waliolazwa kwa surua, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Watoto 88 walipewa vitamini A nyingi pamoja na matibabu ya kawaida. 92 walipata matibabu ya kawaida peke yake. Katika wale 88 walikufa 6, na katika 92 walikufa 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka miwili: aliyekufa ni mmoja kwa upande wa vitamini, na saba kwa upande mwingine. Tangu hapo vitamini A imekuwa dawa ya desturi kwa kila mtoto mwenye surua, siku ya kwanza na siku ya pili, nayo huyaokoa macho pia, maana surua katika mwili uliopungukiwa vitamini hiyo huharibu mboni na kuleta upofu. Dawa za majani zisitiwe machoni kamwe. Mtoto mgonjwa apewe maji na chakula, anyonye kama ananyonya, na akihema kwa shida, au akishindwa kunywa, au akipata degedege, apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku na ziwa lina mawimbi.

Mkoa wa Kigoma umejifunza mambo haya kwa njia ngumu kuliko mikoa mingine. Tangu mwaka 1993 watu kutoka Burundi, na tangu mwaka 1996 kutoka Kongo, walivuka mpaka na ziwa kwa maelfu wakikimbia vita, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi wengine walijaa Kagunga, pwani nyembamba kati ya mlima na maji, mpaka meli Liemba ikatumwa kuwachukua kuwaleta Kigoma. Mahali pa namna hiyo, watoto wakilala wamebanana chini ya turubai moja, mgonjwa mmoja wa surua aweza kufanya aliyoyafanya yule seremala wa Copenhagen, kwa siku chache zaidi. Kwa hiyo kanuni ya wakimbizi ni tofauti: chanjo ya surua hutolewa mwanzoni kabisa, mara nyingi mpaka umri wa miaka 15, nayo huanza kwa watoto wa miezi sita, bila kungoja tisa. Lakini chanjo ile ya miezi sita, kwa sababu ya kinga ya mama niliyoitaja, haihesabiwi. Mtoto aliyeipata lazima achanjwe tena akitimiza miezi 9, na tena miezi 18, na mzazi aliyepita kambini asidhani kadi yake imejaa.